Niinue Hilux yangu na kuifunga matairi makubwa?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hilux Vigo dabo kebini ya mwaka 2012, dizeli, gia za mkono. Naishi Ifakara. Nanunua mpunga mashambani upande wa Lupiro na Malinyi, nakoboa, kisha mchele naupeleka Morogoro. Matairi ni 265/65R17. Masika iliyopita tulikwama mara sita, na mara mbili tulilala njiani. Mdogo wangu, ambaye ndiye dereva, anasema dawa ni kuinua gari inchi tatu na kufunga matairi ya meno makubwa 285/70R17, kama yale anayoyaona kwenye simu. Fundi mmoja ametupa bei ya shilingi milioni sita na nusu kwa kila kitu. Pesa ninayo, ila ni ya mtaji wa msimu. Nifanye?

Jibu: Marahaba dada yangu. Nikupe jibu kwanza ili usisome ukiwa roho juu: kwa kazi uliyoieleza, inchi tatu usiweke, na hizo 285 usinunue. Kuna kuinua kidogo ninakokubali, na kuna matairi ninayoona yatakufaa, nitayafikia. Lakini kuna kazi ya bure ya kufanya kabla mtu hajashika spana.

Gari ikiwa imeoshwa, tandika turubai chini yake, shika tochi, lala chali utazame tumbo. Unatafuta mikwaruzo: sehemu zilizosuguliwa mpaka chuma kinang'aa, zilizobonyea, zilizoshika udongo mkavu uliogandamizwa kama tofali. Tazama bamba la chini ya injini, boriti inayobeba giaboksi, tenki la mafuta, bomba la ekzosti, ngazi za pembeni, kisha difu ya nyuma (lile bonge lenye gia katikati ya akseli) na zile yu-bolti zinazofunga springi kwenye akseli. Halafu mkalishe mdogo wako, amwage kumbukumbu ya kila mara mliyokwama. Matairi yalikuwa yanazunguka bure huku gari imekaa sawa juu ya tope? Au tumbo lilikuwa limelala juu ya nundu ya katikati na magurudumu yananing'inia kwenye mifereji ya malori? Au mlizama upande mmoja ukingoni?

Nasisitiza hili kwa sababu kila jibu hapo lina dawa yake, na mafundi wengi (nami nilikuwa mmoja wao) tunauza dawa moja kwa wagonjwa wote.

Kuna urefu wa aina mbili katika gari, na watu huuchanganya. Urefu wa bodi unatoka kwenye springi. Ukiweka springi ndefu, bodi, chasisi, tenki na giaboksi vinapanda. Lakini akseli ya nyuma ya Hilux ni bomba moja zima linaloshika gurudumu la kulia na la kushoto, na difu imo katikati ya bomba hilo. Springi zinakaa juu yake. Kwa hiyo hata ukiinua bodi nusu mita, difu ya nyuma itabaki palepale ilipo. Kinachoinua difu ni kimoja tu, tairi kubwa zaidi, na chenyewe kinainua nusu tu ya kile kilichoongezeka.

Tupige hesabu, maana haina uchawi. Kwenye 265/65R17, namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita, na 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Asilimia 65 ya 265 ni milimita 172. Ubavu uko juu na chini ya rimu, basi ni 344. Rimu ya inchi 17 ni milimita 432. Jumla tairi ina kimo cha milimita 776 hivi. Ukifanya vivyo hivyo kwa 285/70R17 unapata 831. Tofauti ni milimita 55, na nusu yake, takriban 27, ndiyo difu itakayopanda. Upana wa kidole gumba na kidogo zaidi. Hicho ndicho unachonunua kwa upande wa difu. Kama mikwaruzo yote uliyoiona iko kwenye difu, inchi tatu za springi hazitakusaidia hata chembe.

Mikwaruzo ikiwa kwenye tumbo, hapo springi zina la kusema. Na hapa nina wasiwasi mmoja, hata sijaiona gari yako. Hilux ikiwa tupu, mkia wake hukaa juu kuliko pua. Imetengenezwa hivyo ili ikipakiwa ikae sawa. Gari iliyobeba mpunga miaka zaidi ya kumi, tena magunia ya rumbesa ambayo hakuna anayejua yana kilo ngapi, springi zake za nyuma huwa zimelegea. Itazame ikiwa tupu kutoka ubavuni. Kama mkia uko sawa na pua au umeshuka chini yake, basi gari yako haijawahi kuwa fupi, imechoka tu. Ukiipakia, yu-bolti na boriti zinakaribia ardhi kwa kiasi ambacho hakikuwepo siku ilipotoka kiwandani. Nimeona magari yakiletwa kuinuliwa ambayo yalihitaji kurudishwa tu kwenye kimo chake cha kuzaliwa.

Sasa mikwaruzo ikikosekana kabisa, au ikawa kidogo, tatizo lako ni mshiko, na tope la bonde lile nalifahamu. Mfinyanzi ule ukilowa unajaza mapengo ya tairi mpaka tairi inakuwa laini kama chapati, na kuanzia hapo gari ndefu na fupi zote zinateleza sawa. Mdogo wako hajakosea anaposifia meno makubwa kwenye tope. Meno yenye mapengo mapana hutema udongo gurudumu likizunguka, na kwenye tope zito yanashinda. Ila wewe ukitoka Ifakara na mchele una zaidi ya kilomita 200 mpaka Morogoro, na matairi ya meno kwenye lami ya mvua hushika vibaya, hupiga kelele kama nyuki, na huisha haraka. Sehemu kubwa ya kilomita zako ni hizo, na sehemu kubwa ya hatari yako iko hapo pia, na shehena mgongoni.

Upana nao usikuvutie. Kuna wakati tairi nyembamba ina akili kuliko pana. Land Cruiser zile za mkonga zimezunguka bara hili kwa 7.50R16, tairi refu la kimo cha takriban sentimita 80 lakini jembamba, kwa sababu jembamba hukata tope la juu na kufikia udongo mgumu ulio chini. Barabara yenye changarawe chini ya utelezi inampenda mwembamba. Pasipo na chini kabisa, kama mchanga mzito au tope lisilo na mwisho, hapo ndipo panapohitaji tairi pana iliyopunguzwa upepo ili gari ielee. Magari ya Iceland anayoyaona mdogo wako kwenye simu, yenye matairi ya inchi 38 na zaidi, ni ya kuelea juu ya theluji, tena kwa upepo mdogo mno, PSI tatu au nne. Yamekatwa madigadi, yamebadilishwa gia za difu, yamejengwa upya. Si magari yaliyoongezwa spesa (vipande vya kuinulia) jioni na kurudi kazini asubuhi.

Upepo! Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote na hakuna anayeitumia. Tairi lenye PSI 35 linagusa ardhi kwa kipande kidogo. Lishushe hadi 20 au 22 na kile kipande kinarefuka, hasa kwa urefu, kama kiatu kilichogeuka kuwa nyayo ndefu. Gari tupu au yenye mzigo wa nusu inayokwama kwa PSI 35 mara nyingi inatoka yenyewe kwa 20. Masharti yapo: usizidi kilomita 40 kwa saa, usikate kona kwa nguvu, na ukifika barabara nzuri jaza upya kabla ya kwenda popote. Ikiwa nyuma kuna tani nzima, matairi ya nyuma mimi sishuki chini ya 28, kwa sababu ubavu utakunjamana na kuungua. Ninyi mlipokwama mara sita, mliwahi kutoa upepo hata mara moja? Naomba jibu la kweli, na sitamcheka mtu.

Turudi kwenye hizo inchi tatu, nikueleze zinavyouma. Vigo mbele haina akseli nzima. Kila gurudumu lina mkono wa juu na wa chini, koili na shokapu vimesimama pamoja, na shafti fupi inatoka kwenye difu ya mbele kwenda gurudumuni ikiwa na viungo viwili vinavyokunjika, hizi mnazoziita sivi jointi. Ukiinua mbele, difu inapanda na bodi lakini gurudumu linabaki chini, na shafti inakaa mshazari. Kwa sentimita nne hivi viungo vinavumilia. Kwa saba na nusu, ambazo ndizo inchi tatu zako, vinafanya kazi kwenye pembe ambayo havikukusudiwa. Mpira wa kufunika grisi unajisugua kwenye mikunjo yake, unapasuka, mchanga unaingia, na baada ya hapo utasikia tak-tak-tak kila ukikata kona. Mkono wa juu nao unashuka mpaka unakaribia kugusa koili, na boli jointi yake (kiungo kinachouunganisha na gurudumu) inafika mwisho wa uhuru wake. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, inakataa: unaweza kuambiwa "tumejitahidi", maana yake imeshindikana, na tairi la mbele litalika upande wa ndani.

Njia wanayotumia wengi, na nadhani ndiyo iliyomo kwenye bei yako, ni spesa: kipande cha chuma kinachowekwa juu ya shokapu. Kwa vile shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini badala ya mwishoni, spesa ya milimita 25 huinua gari karibu milimita 50. Ndiyo maana inapendwa, chuma kidogo faida kubwa. Ila shokapu ndiyo kamba inayozuia gurudumu lisining'inie kupita kiasi. Ukiisogeza chini kwa spesa, umerefusha kamba hiyo, na gari ikiruka shimo gurudumu linashuka mpaka shafti na boli jointi ndizo zinazobaki kuwa kizuizi. Niliwahi kumfungia mteja mmoja wa hapa Morogoro spesa hizo, miaka mingi iliyopita, nikiwa na haraka ya pesa. Baada ya miezi minne alirudi na sivi jointi ya kushoto imekwisha na mkono wa juu umechonga rangi ya koili. Nilinunua jointi kwa pesa yangu. Tangu hapo mteja wa spesa nene namwambia aende kwingine.

Nyuma, kuna wanaoweka bloku la chuma kati ya springi na akseli. Ni rahisi, linafanya kazi, na kwa gari ya mzigo silipendi. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu akseli hutaka kujizungusha, bloku linaipa mkono mrefu wa kupindia springi, na yu-bolti hulegea. Lakini hata ukiinua nyuma kwa njia nzuri, muulize fundi wako juu ya kitu kimoja ambacho kitakuonyesha kama anaijua Hilux. Vigo nyingi zina valvu ya breki iliyofungwa kwenye chasisi, na fimbo inayotoka hapo kwenda kwenye akseli ya nyuma. Kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikishuka, valvu inajua gari imepakiwa na inaruhusu breki za nyuma nguvu zaidi. Ukiinua bodi bila kurekebisha fimbo hiyo, valvu inaamini gari ni tupu siku zote. Unateremka mlima na tani moja, na breki za nyuma zinafanya kazi kama za gari isiyo na kitu. Ukitaja fimbo hiyo na fundi akakutazama kama umezungumza Kichina, funga mjadala.

Matairi makubwa yenyewe yana bili yake. Kutoka 776 kwenda 831 ni ongezeko la asilimia 7. Maana yake kila gia imekuwa ndefu kwa asilimia 7: kupanda kutoka Lupiro kwenda Mahenge na mzigo, pale mlipokuwa mkitumia gia ya pili mtajikuta mnaomba ya kwanza, na klachi ndiyo italipa. Breki nazo zinapoteza kiasi hichohicho, kwa sababu mkono kati ya diski na barabara umerefuka, kabla hata hujahesabu kwamba tairi lenyewe ni zito zaidi. Spidomita itakudanganya: ikisoma 50 wewe uko 53 na nusu, ikisoma 80 uko karibu 86. Spidomita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo, hivyo pengo halisi linaweza kupungua, lakini mbele ya trafiki mwenye tochi usitegemee huruma hiyo. Kilomita pia zitahesabiwa pungufu, kwa hiyo oili ya kila kilomita 5,000 utakuwa unaibadilisha kwa 5,350.

Halafu kugusa. Tairi la 285 kwenye Vigo, ukikata usukani mpaka mwisho na gurudumu likipanda, hugusa plastiki ya ndani ya madigadi na mara nyingi pia chuma cha nyuma yake, pale bodi inapokaa kwenye chasisi. Wengine hutatua kwa rimu zinazotoka nje, na hapo bearing za magurudumu zinabebeshwa mzigo kutoka mbali, usukani unakuwa mzito na matope yanarushwa mpaka kwenye vioo. Kitu kimoja kinaongoza kwenye kingine. Ndiyo maana bei ya kwanza haiwi bei ya mwisho.

Na tairi la akiba? Bei uliyopewa ni ya matairi manne au matano? Hili si jambo la ubahili. Foo wili ya Hilux yako hufunga mbele na nyuma pamoja bila difu ya kati. Ukiwa na manne makubwa na la tano dogo, siku ukipata pancha tope likiwa magotini utafunga dogo, utaingiza foo wili, na magurudumu yatazunguka kwa mwendo usiolingana huku yamefungwa pamoja. Kitu kinaweza kukatika. Pima pia kama tairi la 831 linaingia pale chini ya bodi linaponing'inizwa, la sivyo litapanda nyuma na kula nafasi ya gunia.

Jambo linaloninyima usingizi kuliko yote ni kupinduka. Gari husimama kwa uhusiano kati ya upana wa magurudumu na kimo cha uzito wake. Tuseme magurudumu yako yameachana mita moja na nusu, na kitovu cha uzito kiko sentimita 70 kutoka chini. Gawanya 150 kwa mara mbili ya 70, unapata 1.07. Pandisha kitovu kwa sentimita 7, ambazo inchi tatu na matairi hayo zinaweza kukupa, namba inashuka hadi 0.97. Umepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uthabiti wako gari ikiwa tupu. Sasa panga magunia mpaka juu ya kebini, funga turubai, weka vijana wawili juu yake kama tunavyowaona kila siku, kisha mbuzi akatize barabara penye utelezi. Kwa hapo sitaki hesabu.

Na maji. Gari ndefu humpa dereva moyo wa kuingia mtoni. Kimo cha springi hupandisha mahali injini inapovutia hewa kwa sentimita chache tu, wala hakizuii maji yanayokwenda kasi kuisukuma bodi. Kitu kidogo kinachosahaulika ni vibomba vya kupumulia vya difu: difu iliyochemka ikizama kwenye maji baridi huvuta, na kama kibomba kimeziba au ni kifupi, inavuta maji kupitia sili. Fungua nati ya oili ya difu baada ya masika; ikitoka rangi ya chai ya maziwa ujue imekunywa. Kurefusha vibomba hivyo hadi juu ya chasisi ni mpira wa mita mbili na saa moja ya kazi.

Basi, pesa zako ningezitumiaje?

Kwanza springi. Nyuma weka seti mpya ya springi za mzigo, zile zilizotengenezwa kwa gari inayobeba mamia ya kilo siku zote, na mbele koili na shokapu zinazolingana nazo, kuinua jumla ya sentimita nne, yaani inchi moja na nusu hivi. Hapa ndipo ninapokubali kuinua. Ziwe seti ya mtengenezaji mmoja mwenye jina, mbele na nyuma, shokapu zikiwemo. Kuongeza jani moja kwenye springi zilizochoka, au kuzipiga nyundo zikunje upya, kutakusaidia msimu mmoja kisha zitarudi zilikotoka. Nakuonya mapema: gari ikiwa tupu itakuwa ngumu, itawarusha kwenye mashimo. Ndiyo bei ya kubeba. Baada ya kufunga, alaimenti, kurekebisha ile fimbo ya valvu ya breki, na kushusha taa za mbele, kwa sababu bodi ikipanda taa huwapiga machoni madereva wa malori.

Pili matairi matano ya 265/70R17. Kimo chake ni 803, kwa hiyo difu inapanda milimita 13 na spidomita inakosea kwa asilimia tatu na kitu tu. Upana haubadiliki, rimu zako zinabaki. Chukua ya aina ya mchanganyiko, lami na vumbi, yale yaliyoandikwa AT, na ubavuni pawe na LT, yaani yamejengwa kwa magari ya mzigo. Soma namba ya uzito: 112 maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja, usishuke chini ya hapo. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka sita, hata liwe na nywele zake zote za mpira, liache hapohapo. Kabla hujalipia yote matano funga moja mbele, panda na gurudumu hilo juu ya tofali au ukingo, kata usukani pande zote mbili, usikilize.

Tatu vitu vya ndani ya gari: geji ya upepo, pampu ya umeme ya kubana kwenye betri, sepetu, mbao mbili nene, na mkanda wa kuvutia. Mkanda huo ufungwe kwenye ndoano ya chasisi. Usifungwe kamwe kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela, maana ukikatika unaruka kama risasi na umeshaua watu.

Nne, na hili halinipi mimi kazi wala pesa: kilomita zile mbili tatu za mwisho, kutoka shamba hadi barabara, kwa nini uzipite wewe? Bonde limejaa pawatila. Katika wiki mbaya za masika mlipe mwenye pawatila asogeze magunia mpaka penye changarawe, Hilux ikusubiri hapo. Piga hesabu ya siku mbili mlizolala njiani, posho, klachi, na mpunga ulionyeshewa, uone ipi ni ghali. Na magunia hayo yapitishe kwenye mzani. Gari ya tani moja ikibeba tani moja na nusu inakwama popote, hata ungeipandisha kimo cha ghorofa.

Mdogo wako asidhani nayadharau matairi yake. Angekuwa mchimbaji anayeishi porini Chunya, mzigo mdogo, lami anaiona mara moja kwa mwezi, ningekaa naye tuzungumze 285, mikono mipya ya juu, na gia za difu za kurudisha ile asilimia 7. Ingekuwa kazi nyingine na bajeti nyingine, tena baada ya kuandikia kampuni ya bima na kupata jibu kwa maandishi, maana gari iliyobadilishwa bila wao kujua huwapa sababu nzuri ya kukataa kulipa.

Mpe kazi hii wiki hii. Apime kwa futi kamba kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu, pasipohusika na tairi wala upepo, mpaka ukingo wa madigadi juu yake. Magurudumu yote manne, gari ikiwa tupu na mahali tambarare. Arudie ikiwa imepakiwa kama mnavyopakia siku zote, si kama mnavyopakia mkijua fundi anatazama. Niandikie namba hizo nane pamoja na mahali ulipokuta mikwaruzo, na nitakwambia kama mbele kuna haja ya kuguswa kabisa, au ni springi za nyuma tu na mtaji wako mwingi unabaki mkononi msimu ukifunguka.